Katibu wa Mbwa Wekundu

Jumapili, 4 Mei

Nimetoka misa na hasira, jambo ambalo padre hakulikusudia. Sababu ni Benjamini, Bwana Mifugo wa kata yetu, aliyenisubiri nje ya kanisa akiwa ameshika kofia mkononi kama mtu aliyeleta habari za msiba. Mwaka huu, anasema, chanjo ya kichaa cha mbwa upande wetu ni ya siku moja tu, Jumamosi tarehe 28 Juni. Ama aje kwenye mkutano wetu wa mwaka, ama aende kijiji kingine. Anataka nimhakikishie mbwa arobaini kabla ya nusu ya Juni.

"Mwaka jana nilikuja na deli la dawa limejaa barafu, Mama Edwin," alisema. "Nikachanja mbwa kumi na mmoja. Dawa iliyobaki nikaimwaga. Ofisini waliniuliza kama nilikwenda Mitole au nilikwenda kulala."

Nikamwambia atawapata arobaini. Mdomo wangu una mbio kuliko akili, mama yangu alishasema.

Kwa atakayeliokota daftari hili: mimi ni Apolonia, mzaliwa wa Newala, na mimi na mume wangu Damiani tunalima hapa Mitole mwaka wa tisa sasa. Ni katibu wa Chama cha Wafuga Mbwa Wekundu, wanachama thelathini na mmoja, mbwa kama sitini. Mbwa wenyewe ni wa rangi ya udongo wa barabara, masikio yamesimama, mkia umejikunja, na hawabweki ovyo. Kazi yao ni kulinda mashamba dhidi ya nguruwe pori. Chama kipo ili damu yao isichanganyike na ya mbwa wa mitaani. Kila mwaka tunakutana uwanja wa shule, mbwa wanakaguliwa, tunapanga dume gani aende kwa jike gani, kisha wanachanjwa. Ndivyo katiba yetu inavyosema. Haisemi kama wanachama watakuja.

Jumanne, 6 Mei

Mvua kutwa. Nimeandika barua thelathini na moja kwa mkono. Kidole cha shahada kimevimba.

Ijumaa, 9 Mei

Damiani kaniuliza kwa nini najisumbua na watu wasiosumbuka. Nilikunja mkono wa gauni nikamwonyesha kovu.

Mwaka jana mwezi wa nane mbwa wetu aliugua kichaa; siku ya chanjo nilihangaika na mkutano nikamsahau nyumbani. Tulipewa akiwa mtoto na Mzee Mfaume, mwenyekiti wetu, tukamlea hapahapa nyumbani kijijini, akilala mlangoni. Nilikuwa namwekea maji aliponing'ata. Nilipanda bodaboda hadi hospitalini kila nilipopangiwa sindano, na Damiani ndiye aliyemmaliza mbwa yule nyuma ya choo. Sitaki jambo hilo limpate mwingine hapa. Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine.

Na lipo jambo lingine ambalo naliandika hapa tu. Tangu siku ile naogopa mbwa. Nikiona mmoja njiani, nageuza. Katibu wa chama cha mbwa anaogopa mbwa, na wanachama wakilijua hilo watacheka mpaka Krismasi.

Jumatatu, 12 Mei

Nimegawa barua. Nilianza kwa Mzee Mfaume, maana ng'ombe anayetangulia ndiye anayefuatwa.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Damiani hajambo? Edwin anapiga simu huko Dar?"

Edwin hajambo, mahindi hayajambo, hata paa letu linalovuja likaulizwa hali. Ndipo akaisoma barua, polepole, mara mbili.

"Umeandika vizuri sana. Inshallah tutakuwa pamoja."

Huyu mzee ana mbwa saba, na babu yake ndiye aliyeanza kuwafuga wekundu hawa. Miaka miwili sasa anakuja mkutanoni amevaa kanzu safi, ameshika bakora, bila mbwa hata mmoja. Anafungua kikao, anashukuru, anafunga kikao.

Kila nyumba niliyoingia ilinikaribisha chai na kuniambia watakuja bila kukosa. Nimekunywa vikombe tisa.

Jumamosi, 17 Mei

Nimetangaza kwenye grupu letu la wasapu. Wanachama kumi na tisa wamenitumia dole gumba. Dole gumba halichanjwi.

Jumanne, 20 Mei

Nguruwe wameingia kwenye mihogo yetu. Matuta matatu yamefumuliwa. Hatuna mbwa, na mimi sitaki.

Jumamosi, 24 Mei

Nimegundua. Au nimedhani nimegundua. Wanachama wetu wengi ni Waislamu, na mate ya mbwa ni najisi kwao. Uvae nguo zako za mkutano, umshike mbwa wako, mbwa wa jirani akulambe, halafu Adhuhuri ifike uko uwanjani hujui utajitoharishaje. Nani aje? Nilijilaumu kwa kutofikiri mapema.

Nimepanga ndoo saba za maji na karai la udongo safi kila kona ya uwanja, maana nasikia huoshwa mara saba na mojawapo ni kwa udongo. Jioni nilimpelekea Mzee Mfaume mchoro. Aliutazama muda mrefu.

"Umefikiri vyema sana, mwanangu," alisema. "Mungu akulipe."

Nilirudi nyumbani nimenyanyua kichwa. Damiani alipouliza kama mzee ataleta mbwa wake saba, nikakumbuka kwamba hilo hakulisema.

Jumamosi, 31 Mei

Niliitisha kamati ya maandalizi ya watu sita. Nilifika mimi. Damiani alifika pia, ambaye si mwanachama, pamoja na mbuzi wa mwalimu mkuu, ambaye alikula ajenda.

Jumamosi, 7 Juni

Idd. Zuhura, mwanachama wetu mwenye shamba bondeni, ametuletea nyama na wali sinia zima. Tulikwenda kuamkia nyumba hadi nyumba, tukashiba mpaka tukaomba radhi. Hawa watu wananipenda, naliona hilo wazi. Ndiyo maana sielewi.

Mvua imekwisha. Asubuhi kuna ubaridi wa kipupwe, na Damiani ameanza kulala na soksi.

Jumanne, 10 Juni

Benjamini kapiga simu. Nimebakiza siku tano na nina majina ya mbwa tisa. Nimemwambia mambo yanakwenda vizuri. Nitakwenda kuungama.

Alhamisi, 12 Juni

Leo naandika mengi.

Niliamua kumfuata mwanachama mmoja mpaka shambani nimkalie mpaka aseme ndiyo yenye maana. Nikamchagua Zuhura kwa sababu ulimi wake hauna breki. Shamba lake ni mwendo wa saa moja kutoka kijijini. Nilibeba wali uliobaki na vichwa vya samaki kwenye mfuko, zawadi ya mbwa wake, nikijiambia ukitaka cha mvunguni sharti uiname.

Nilifika jua limeanza kushuka. Zuhura alikuwa anasimamisha matita ya ufuta uliokatwa, yakauke. Mbwa wake wawili walikuwa wamelala chini ya dungu lake la kulindia mahindi. Mimi nikasimama upande wa pili wa ngazi, nikijifanya natazama ufuta.

"Wanaitwaje?" niliuliza.

"Huyu Hayakuhusu, yule Waache Waseme."

"Majina gani hayo?"

"Jirani niliyekuwa naye alipenda kuhesabu wageni wangu. Basi kila jioni nikawa nawaita mbwa kwa sauti. Akahama."

Tulikuwa tunacheka mbwa wale waliponyanyuka. Hawakubweka. Hayakuhusu aliingia kwenye mahindi ya mwisho kwa kushoto, akazunguka mbali kwa nyuma. Waache Waseme akatembea taratibu kwa mbele, kichwa chini. Mimi sikuona kitu, sikusikia kitu. Kisha wakabweka wote wawili kwa pamoja, na nguruwe watano wakatoka kwenye mahindi na kukimbilia porini, upande uleule mbwa waliotaka wakimbilie. Hawakuvunja hata mabua kumi. Zuhura alikuwa hajasimama. Alikuwa anafunga tita.

Nimekuwa katibu miaka mitatu na sikuwahi kuona mbwa mwekundu akifanya kazi. Shamba letu liko nyuma ya nyumba, na mbwa wetu alikuwa mbwa wa mlangoni. Nilipendezwa mpaka nikasahau woga. Nikafungua mfuko nimtupie Hayakuhusu kichwa cha samaki.

Zuhura alininyang'anya mfuko kwa nguvu, nusura anivunje kidole.

"Unataka kuniharibia mbwa?"

"Ni chakula tu, Zuhura."

"Cha jikoni. Kina chumvi na mafuta. Mbwa wa shamba akishaonja jiko, shamba kwaheri. Kesho utamkuta mlangoni kwako, keshokutwa yuko jalalani na wenziwe wa mitaani, mtondo anaumwa. Hawa wanakula uji wa pumba ninaoupika hapahapa, hauna hata punje ya chumvi. Kijijini hawajawahi kukanyaga na hawatakanyaga."

Nilisimama pale nikiwa nimeshika mkono wangu. Nikauliza polepole, kama mtu anayekanyaga matope:

"Na uwanja wa shule?"

Alichukua sufuria akaanza kuikwangua, na ilikuwa safi.

"Mama Edwin, sikutaka mimi niwe wa kusema."

"Sema."

"Mwaka wa kwanza wa ukatibu wako ulipika pilau sufuria mbili. Pilau nzuri, hatukatai. Mbwa wakala mifupa. Mbwa wanne hawakurudi shamba tena. Mmoja alikuwa Subira, jike la Mzee Mfaume, mama wa nusu ya mbwa wa bonde hili. Alibaki kwa mama ntilie kule barabarani. Mzee alimfuata na kamba mara tatu, mara tatu alirudi. Mwishowe lori likamgonga."

"Kwa nini hakuna aliyeniambia?"

"Kwetu ulikuwa bado mgeni, umehangaika, umetupikia. Nani amwambie mtu aliyempikia kwamba chakula chake kimeua mbwa? Tukaona bora tuje wenyewe, mbwa tuwaache."

"Mwaka jana walikuja kumi na mmoja."

"Wanane ni vizee, havina kazi tena. Watatu ni wa Hussen." Hapo akaanza kucheka, akajizuia, akashindwa. "Wale hata si wekundu. Ni mbwa wa gengeni. Aliwapaka hina usiku kucha ili usione aibu mbele ya Bwana Mifugo."

Nikawakumbuka. Nilisema kwenye muhtasari wa kikao kwamba mbwa wa ndugu Hussen wana rangi ya kupigiwa mfano.

"Na zile ndoo zangu saba?"

"Kwani sisi maji na udongo hatuna?" alisema Zuhura. "Mbwa wa kulinda shamba tumeruhusiwa. Tangu babu zetu tunajua namna ya kukaa nao. Mzee alikuona umechora vizuri, akashindwa kukukatisha tamaa."

Nilirudi na tochi ya simu. Nilitembea na aibu, tena aibu yenye moto, na katikati ya njia nikaanza kulia kwa ajili ya Subira, mbwa ambaye sikumkumbuka hata sura. Kwa miaka miwili niliwaita wavivu. Niliwaita wanafiki, mara moja, kwa Damiani tu, lakini niliwaita.

Ijumaa, 13 Juni

Baada ya swala ya Ijumaa nilikwenda kwa Mzee Mfaume. Nilikataa chai mpaka niseme.

"Nimekuja kuomba radhi kwa ajili ya Subira."

Akavua kofia, akaikunja, akaivaa tena.

"Nani kakwambia?"

"Aliyeniambia amenisaidia. Kwa nini si wewe, baba?"

Nilisubiri anisifie kitu, kama kawaida yake. Hakunisifia.

"Yule mtoto wa mbwa niliyekupa alikuwa wa Subira," alisema. "Nilikupa kukushukuru. Nilijua mtamlea mlangoni. Nilijua mlangoni ndipo ugonjwa unapopita. Nikasema moyoni, ni mgeni wetu, nitamwambiaje namna ya kufuga? Nilidhani ninakusitiri. Kumbe nimekuacha mpaka ukang'atwa." Macho yalikuwa yamemlowa. "Nawe uniwie radhi."

Kisha chai ikaja na nikainywa.

Nikamuuliza: kama mbwa hawaji kijijini, mkutano ufanyike wapi? Mzee wa "inshallah tutakuwa pamoja" akaongea saa nzima bila kumeza mate. Akanitajia mashamba yote ya bonde kwa mpangilio, nani anapakana na nani, mto unavukwa wapi, mbwa gani hapatani na nani. Mkutano uwaendee mbwa, alisema. Uanze kwa Hussen, uishie kwake.

Tatizo likabaki kwamba kila mtu atasubiri shambani kwake, mbwa wake achanjwe, kisha arudi kulala. Huo si mkutano, ni msafara wa sindano. Jibu lilinijia nikiwa naaga. Mzee alinyanyuka anisindikize, kama anavyofanya siku zote, mpaka kwenye mnazi wa mwisho. Hapo alikutana na jirani yake, ambaye hakuweza kumwacha apite bila kumkaribisha, naye mzee hakuweza kukataa.

Mgeni husindikizwa. Aliyesindikiza akifika mpakani, mwenye shamba la pili atamwambia karibu, na hakuna mtu wa Mitole atakayegeuka mbele ya karibu. Adabu iliyoninyima mkutano miaka miwili ndiyo itakayonipa.

Jumamosi, 14 Juni

Benjamini kanisikiliza, kisha akauliza, "Kwa hiyo mbwa hawaji kwangu, mimi ndiye niende kwa mbwa?" Nikamwambia ndivyo. Nikaongeza kwamba deli litafungwa kwenye baiskeli na Damiani ataisukuma. Damiani alikuwa hajaambiwa.

Amekubali kwa sharti: ikifika saa tano hajachanja ishirini, anageuza. Barafu haina subira, anasema.

Jumatano, 18 Juni

Nimeacha kuwaambia watu walete nini. Nawauliza. Hussen namuuliza njia ya mkato ya kuingia bondeni. Mzee Mfaume nimemwomba orodha ya vizazi vya mbwa tangu babu yake, nami naandika. Naima, mwenye shamba la kati, mbwa watatu, nilimuuliza maji ya kunawa yawekwe wapi. Alinijibu kwamba nimwachie yeye, na nisiweke ndoo hata moja.

Ijumaa, 20 Juni

Grupu la wasapu halilali. Sauti za kurekodi arobaini na tatu leo. Mmoja kasema dume la mwenzake ni mvivu kama mwenyewe. Mwenzake kajibu kwa sauti ya dakika nne. Simu yangu imeisha chaji mara mbili, na nimefurahi mno.

Jumanne, 24 Juni

Ufuta wetu umekauka. Tumepura kutwa. Sina la kuandika, nimechoka vizuri.

Ijumaa, 27 Juni

Kesho. Nimeamua pia jambo langu. Mkutano ukiisha nitakabidhi daftari la chama kwa mtu aliyezaliwa hapa na anayejua mbwa. Miaka mitatu niliwaongoza kinyume, na Subira hatarudi kwa kuomba radhi. Sijamwambia Damiani. Nimeshona kifuniko kipya cha daftari ili likabidhiwe likiwa nadhifu.

Jumamosi, 28 Juni

Tulianza saa moja, umande bado uko kwenye majani. Tulikuwa wanne: mimi, Benjamini, Damiani na baiskeli yake, na Hussen mwenye shamba. Hussen alikuwa na mbwa wawili, wekundu kweli. Alinitazama usoni akaona kwamba najua.

"Bi Katibu, ile hina..."

"Iliwashika vizuri," nilimwambia. "Kwenye harusi ya binti yako nitakuomba unipake."

Mbwa wawili. Hussen akatusindikiza hadi mpakani, na pale akapokelewa na karibu, akaingia. Tulitoka tuko watano, kisha sita, kisha wanane. Kila mwenye shamba alimshika mbwa wake mwenyewe, Benjamini akapiga sindano, mimi nikaandika jina nikiwa hatua tano nyuma. Umesikia. Nimezoea. Tulime Kwanza. Mmoja aliitwa Shemeji, na Damiani akataka kujua kwa nini, asijibiwe. Watu walikuwa wanakagua miguu na meno, wanabishana kuhusu mikia, wanapanga dume na jike bila mtu kusoma ajenda. Zuhura, tulipotoka kwake, alikuja na sufuria ya mihogo kichwani, ya kula watu.

Ilipofika saa tano kasoro robo tulikuwa na mbwa kumi na nane na tulikuwa tumesimama kwenye mpaka wa Naima, na Naima hayupo. Mbwa wake watatu walikuwa chini ya dungu, wamekaa macho. Alfajiri binti yake alishikwa na uchungu, wakaondoka kwenda zahanati.

Benjamini akatazama saa. "Mbwa asiyeshikwa na mwenyewe simchanji. Nina mikono miwili tu na ninaihitaji."

"Shamba linalofuata ni dakika ngapi?" nilimuuliza Hussen.

"Arobaini. Tunavuka mto."

Benjamini alifunga deli. Alilifunga taratibu, kwa huruma hata, lakini alilifunga. Nilifikiria kusema kitu kwa kirefu, kuhusu mkono wangu, kuhusu mbwa arobaini niliomwahidi. Sikuwahi kufungua mdomo.

"Fungua deli, Bwana Mifugo," alisema Zuhura. Alikuwa ameshatua sufuria. "Nguruwe wakitoka kwangu wanaingia kwa Naima, na mbwa wetu wanawafukuza pamoja. Hawa wananijua kuliko unavyomjua mkeo."

Aliingia shambani, Hussen nyuma yake, na mzee mmoja ambaye kwa miaka mitatu sikuwahi kusikia sauti yake. Kila mmoja akamwita mbwa kwa jina. Walikuja wenyewe, mikia imejikunja. Benjamini akachanja watatu, akafuta jasho, akasema, "Ishirini na mmoja," kama mtu aliyekuwa upande wetu tangu mwanzo.

Kwenye grupu Naima alikuwa ameshaandika tangu asubuhi, na chini yake watu kumi na wanne wamejibu kwamba watashika wao. Mimi sikuwa nimesoma, nilikuwa namtafutia Damiani pampu.

Adhuhuri ilitukuta ng'ambo ya mto. Wanaume walinawa, wakaosha palipostahili kuoshwa, wakabadili shuka walizobeba mabegani, wakasali kwenye nyasi. Sisi wengine tulikaa na mbwa wa shamba lile, wao wakiwa wamelala na mimi nikiwa macho sana.

Saa tisa tulifika kwa Mzee Mfaume tukiwa watu ishirini na tisa. Alikuwa amewapanga mbwa wake saba kwa umri. Benjamini alipomaliza wa mwisho, barafu ilikuwa imebaki kipande cha ukubwa wa sabuni. Mbwa hamsini na watatu. Aliandika namba hiyo kwenye karatasi yake, akaipigia mstari, akaomba muhogo.

Kikao kilifuata hapohapo, watu wamekaa juu ya mabua. Nilipendekeza mwakani tufanye tarehe ileile. Wakakataa, wengine ufuta wao unachelewa. Nilipendekeza tuanze tena kwa Hussen. Wakakataa, tuanze kwa Mzee tushuke nao mto. Nilisoma muhtasari wa mwaka jana, wakausahihisha mambo manne, na lile la mbwa wa Hussen likafutwa kwa kicheko kilichowaamsha mbwa. Kwa miaka mitatu watu hawa walinikubalia kila kitu. Leo waliniambia hapana mbele ya macho yangu, mmoja baada ya mwingine, na kila hapana ilinifanya nijisikie mwenyeji zaidi.

Ndipo nikasimama na daftari. Nilisema kwamba nilikosea, kwamba sikujua na sikuuliza, kwamba chama kinahitaji katibu anayejua mbwa. Nikasema na lile lingine, maana nilikuwa nimechoka kulificha: "Na tangu ning'atwe, naogopa mbwa. Mchague mwingine."

Hakuna aliyecheka. Nikamkabidhi Mzee Mfaume daftari kwa mikono miwili.

Hakulipokea. Mzee huyu, ambaye sijawahi kumsikia akimkatalia mtu hata kikombe cha pili, alitazama kwanza wanachama, kisha mimi.

"Hapana, Apolonia," alisema. "Hilo nalo tumelikataa. Kaa uandike."

Nikakaa, nikaandika.